Kipande cha Koleta

Mwenyekiti Alfonce alipohitaji watu wasioweza kumjibu, aliwachagua wanawake ambao kijiji kilikuwa kimekwisha kuwachoka. Alimchagua Auleria, mjane mwenye mdomo, aliyekuwa amegombana na nusu ya kigango. Akawachagua wengine ambao waume zao hawakuwa na sauti mbele ya watu. Mwisho akamchagua Koleta, Msubi aliyeolewa kutoka Biharamulo, ambaye mumewe Derick alikwenda machimbo ya Kahama kutafuta dhahabu akapata mwanamke mwingine.

"Kila mmoja na panga lake," Alfonce aliwaambia nyuma ya ofisi ya kijiji. "Mkate fito za mivumu, zenye majani. Mkazichomeke kule Murugina, kwa mistari. Bibi Miti anakuja keshokutwa."

Bibi Miti ni jina walilompa Irine, mkaguzi wa shirika lililokuwa likilipa vijiji kupanda miti upya.

"Na miche iko wapi?" Auleria akauliza.

"Miche gani?"

"Ile tuliyosikia kijiji kimepewa fedha zake."

Alfonce alimtazama kama mtu anayetazama kokoto ndani ya wali. "Mama, nimekuita kwenye kazi. Ukitaka maswali na majibu, nenda katekisimu."

Wanawake wakacheka kidogo, cheko la kujikinga. Koleta hakucheka. Alikuwa akitazama paa la nyumba ya Alfonce iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Bati lake lilikuwa jipya, liking'aa hata kuumiza macho, na hapo akaona miche ilikokwenda.

Kilima cha Murugina kiko Bukiriro, upande ambao ukipanda hadi juu ulikuwa ukiuona moshi wa kambi ya Benaco. Kabla ya watu wa Rwanda kuvuka Rusumo na kulala pale kwa maelfu, Murugina kilikuwa na miti ya kumficha mtu na ng'ombe wake. Mwaka mmoja ulitosha. Wakimbizi walikata kuni za kupikia, maana mahindi ya msaada hayaivi kwa maneno. Lakini si wao peke yao. Malori ya wafanyabiashara yalipakia magogo mchana kweupe, na aliyekuwa akiyapa ruhusa ni Alfonce. Miti ilipokwisha, watu walilaumu kambi tu, kwa sababu kambi ilikuwa mbali na haikuwa na mtu wa kujitetea kwenye mkutano wao.

Mara ya kwanza shirika lilikabidhi fedha kwa kamati ya kijiji likaondoka. Kamati ikanunua miche kwa shemeji yake Alfonce, ikaipanda kiangazi, ikafa yote, na hakuna aliyeulizwa. Mara ya pili shirika likaja na kanuni. Kilima kigawanywe vipande. Kila kipande kiwe na mtu wake, atajwe jina mbele ya watu wote na mwenyekiti amshuhudie. Kijiji kipewe kwanza fedha za miche tu. Malipo makubwa yaje baada ya kiangazi, kwa miti itakayokutwa hai, nusu kwa mtunzaji na nusu kwa kijiji, kwa ajili ya mashine ya kusaga. Na udanganyifu ukigundulika, kijiji kizima kifutwe kwenye mradi.

Ilikuwa kanuni nzuri. Alfonce aliisikiliza akitikisa kichwa, kisha akaenda kuezeka nyumba.

Aliuchagua mvumu kwa sababu ukikatwa majani yake hukawia kunyauka. Tawi la mkaratusi husinyaa kabla ya jua kutua, lakini la mvumu hukaa siku kadhaa kama halijajua kwamba limekatwa. Kila mtu alijua pia kwamba ufito wa mvumu ukichomekwa vizuri huota, ndiyo maana boma zote za Bukiriro zimezungushiwa mivumu. Lakini udongo wa Murugina ulikuwa mgumu kama sakafu, na fito zilizochomekwa juu juu zingekufa. Alfonce alitaka zife. Angesema kiangazi kimeua miti, na nani angebishana na kiangazi?

Koleta alikata fito zake kwenye boma la baba mkwe wake, Mzee Ndikuriyo, mahali alipokuwa akiishi. Alikata nene, za unene wa kifundo cha mkono, akazichonga mshazari upande wa chini, kwa kuwa mikono yake haikujua kuukata mvumu kwa namna nyingine. Kule kilimani, kijiji kizima kikitazama kutoka chini, wenzake walichomeka vijiti na kusonga mbele. Yeye alichimba.

"Nani kakwambia uchimbe?" Alfonce alimfokea kutoka chini. "Chomeka tu, mwanamke."

"Upepo utaziangusha kabla hajafika huyo mgeni wako."

"Unajua sana wewe. Ndiyo maana mume kakukimbia."

Koleta akaendelea kuchimba. Lakini tangu dakika ile alichimba kwa hasira, kila shimo refu kuliko lililotangulia, kana kwamba chini ya ardhi kulikuwa na mtu aliyetakiwa kupigwa.

Auleria alinyoosha mgongo. "Leo tumekuwa wanaume," alisema. "Tunachomeka mivumu."

Hapo wanawake walicheka kwa kweli. Kwa Wahangaza, wenyeji wa Bukiriro, mwanamume ndiye huchomeka mvumu anapoanzisha mji wake. Huchomeka mbele ya majirani, na tangu siku hiyo hakuna wa kumwambia hapa si kwako. Wazee wanapoamua ugomvi wa mpaka, huulizana kwanza mvumu huu ulichomekwa na nani. Mwanamke kuchomeka mivumu kwenye kilima cha kijiji kulikuwa kichekesho, na kichekesho hicho Alfonce hakukisikia, kwa kuwa alikuwa amekwisha kushuka kwenda kunywa.

Irine alikuja kwa pikipiki, akiwa amevaa suruali na buti. Wanaume walikuwa wamemwandalia kiti na soda kwenye kivuli cha ofisi. Alivipita vyote viwili akapanda kilima, na kijiji chote kikamfuata. Kila mwanamke alisimama kwenye kipande chake, na Alfonce akatembea mbele akitaja kwa sauti ya kanisani.

"Hiki ni kipande cha Auleria. Hiki ni kipande cha Koleta, mke wa kijana wetu Derick. Ni chake, atakitunza yeye, na sisi wote ni mashahidi." Watu wakapiga makofi.

"Mti gani huu?" Irine akauliza.

"Mvumu. Wa kienyeji. Tuliona mikaratusi inakausha maji."

Irine alionekana kufurahi. Shirika lilikuwa likihimiza miti ya kienyeji. Kisha akainama akashika mti mmoja akauvuta, naye kwa bahati alikuwa amesimama kwenye kipande cha Koleta. Mti haukutikisika. Akavuta mwingine, nao ukakataa. Koleta aliona jasho likimtiririka Alfonce nyuma ya sikio.

"Kazi nzuri, dada," Irine alimwambia Koleta.

Koleta aliinamisha macho. Watu waliomtazama walidhani ni aibu.

Mvua zikaja mapema mwaka ule, zikaja kwa fujo. Zilipotulia, kilima kilikuwa na michipuo. Vijiti vya wenzake vingi vilioza, vikabaki vichache hapa na pale. Fito za Koleta karibu zote ziliota majani. Alfonce alipopita akaona, alisimama muda mrefu njiani akijikuna shingo. Hakuwa amepanga kufanikiwa.

Baadaye akaona faida yake. Miti hai maana yake ni malipo makubwa. Alianza kusema kwenye mikutano "miti yangu", na watu wakaanza kuongea habari za mashine ya kusaga kana kwamba tayari walikuwa wakiusikia mlio wake.

Aliyeitunza ni Koleta. Wakata kuni waliokuja kutoka kambini hawakumsumbua. Kuni za mvumu hutoa utomvu na moshi, haziivishi kitu. Waliomsumbua ni mbuzi, na mbuzi walikuwa wa majirani zake. Aliwafukuza kwa mawe. Wenye mbuzi wakamtukana, naye akajibu. Kuna siku alimrudisha beberu wa Auleria akichechemea, na tangu siku hiyo wakaacha kusalimiana.

"Huyo Msubi amegeuka polisi wa vijiti," Auleria alitangaza kisimani. "Ngoja apate wa kumlipa mshahara."

Kiangazi kilipoanza, habari ilifika kwamba Derick amezaa na yule mwanamke wa Kahama na hana nia ya kurudi. Mzee Ndikuriyo alingoja hadi Koleta alipomaliza kuvuna maharage.

"Shikamoo baba," Koleta alimwamkia asubuhi hiyo.

Mzee hakuitikia. Alikuwa amekaa mlangoni akichonga mpini. "Shamba hili nalitaka kwa ajili ya mdogo wake Derick," alisema. "Anaoa."

"Na mimi?"

"Wewe una kwenu."

"Kwetu ndugu zangu wamekwisha kugawana, baba. Unajua."

"Nilichokuwa najua nimekisema. Mahari niliitoa, nikapata nini? Hata mtoto hakuna." Akapuliza mabaki ya mbao kwenye mpini. "Vyombo vyako chukua. Jembe ni la hapa."

Koleta alikusanya sufuria zake na nguo. Jembe pia alilichukua. Mzee alimwona, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Pengine aliona namna alivyolishika.

Hakwenda Biharamulo. Alipanda Murugina. Katikati ya kipande chake alisimamisha miti minne, akaifunga kwa kamba za migomba na kuiezeka nyasi. Kilikuwa kibanda cha kuchekesha, cha mtu mmoja aliyejikunja. Akalima kando ya mivumu, akangoja mvua. Habari zilimfikia Alfonce kabla hajamaliza kuezeka.

Alikuja na mtendaji wa kijiji nyuma yake. "Bomoa," alisema.

"Kwa nini?"

"Hiki ni kilima cha kijiji."

"Kipande hiki ni changu. Uliwaambia watu."

"Nilisema utunze. Sikukupa."

"Ulisema ni chake. Ukasema sisi wote ni mashahidi. Au sauti ile haikuwa yako?"

Mtendaji alikohoa. Alfonce akasogea karibu, akashusha sauti, na kushusha kwake sauti kulikuwa kubaya kuliko kufoka. "Sikiliza, Koleta. Bibi Miti anarudi baada ya wiki mbili. Akija hapa asikute kibanda. Atakuta miti, miche iliyonunuliwa kwa fedha za mfuko wa shirika, mali ya kijiji. Wewe ulikuwa kibarua. Utapewa chako cha kibarua, uondoke kwa amani. Ukileta ujuaji, kijiji kizima kitakosa kwa ajili yako. Watu hawa wanakuchukia sasa hivi bila sababu. Je, wakipata sababu?"

Alipoondoka, Koleta aliketi mbele ya kibanda chake akayageuza maneno yale. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole na hakuona aibu kwa hilo. Kama ile ilikuwa miche ya mfuko, miti ilikuwa ya kijiji, na yeye alikuwa kibarua wa kulipwa na kuondoka. Kama zilikuwa fito za mivumu, alizozikata kwa panga lake na kuzichomeka kwa mkono wake mbele ya kijiji kizima, hapo mambo yalikuwa mengine. Uongo wa Alfonce ulikuwa ukikipa kijiji mashine. Ukweli ungempa yeye mahali pa kulala. Hapakuwa na njia ya tatu, ingawa aliitafuta hadi jua likazama.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, hakuna aliyesogea kumpisha kwenye benchi. Auleria alimngoja nje.

"Tumesikia unataka kusema," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Kipande changu kina mivumu sita hai. Sita, Koleta. Nitalipwa kwa hiyo sita, ninunue blanketi. Wewe una kilima kizima cha kutapika maneno na hutaki kufunga mdomo."

"Sina pa kulala, Auleria."

"Nani ana pa kulala? Benaco huko wanalala watu kumi kwenye turubai. Jikunje na wewe." Akasogea, na Koleta akainusa pombe ya ndizi katika pumzi yake. "Ukiongea, usije kuomba moto kwangu."

"Sijawahi kuomba."

"Basi endelea hivyohivyo."

Siku ya ukaguzi mkutano ulijaa. Irine alikuwa amekonda. Ilisemekana vijiji viwili vya jirani vilikuwa vimekwisha kufutwa. Alipanda kilima, akatembea kipande kwa kipande, akafika kwa Koleta akasimama. Mivumu ilikuwa imepita kiuno chake. Ilikuwa imejaza majani hata chini yake pakawa na kivuli, na nyasi za kivulini zilikuwa bado mbichi wakati sehemu nyingine yote ya kilima ilikuwa rangi ya kahawia.

"Na hiki kibanda?"

"Cha kulindia," Alfonce akadakia. "Tulimweka kibarua alinde miche dhidi ya mbuzi."

"Mwaka jana hukusema kibarua. Ulisema kipande ni chake."

"Kwa maana ya kutunza, mama. Miche ni ya kijiji. Tuliinunua kwa fedha zenu."

"Mlinunua kwa nani?"

"Kwa... kwenye kitalu."

Irine alimgeukia Koleta. "Dada, ni kweli?"

Koleta aliona nyuso zao zote kwa pamoja, na hakuona hata moja iliyomtakia heri. Mzee Ndikuriyo alikuwa mbele, ameegemea fimbo. Auleria alikuwa amefumba midomo kama anayeuma sindano.

"Hapakuwa na miche," Koleta alisema. "Zilikuwa fito. Mwenyekiti alituita tukazikate na kuzichomeka kabla wewe hujafika, ili uone kijani. Zangu nilizikata bomani kwa baba mkwe. Nilichimba, nikachomeka, zikaota. Hakuna fedha ya mfuko iliyoingia katika ardhi hii."

Mnong'ono uliopita katika umati ule ulikuwa kama wa nyuki waliochokozwa. Mtu mmoja alitema mate. Mwingine alisema, "Mashine yetu," taratibu, kama anayetaja jina la marehemu.

Irine alipoongea hakumtazama Koleta, alimtazama Alfonce. "Mimi mwenyewe nilivuta ufito nikaupokea kuwa mche," alisema. "Hilo nitalijibu ofisini kwangu. Lakini kanuni mliisikia, na mliinua mikono. Kijiji kinafutwa. Wilaya itakuita uonyeshe fedha za miche zilikokwenda."

"Lakini miti ipo," kijana mmoja alipaza sauti. "Si mnalipia miti? Si hii hapa?"

"Ipo. Na ingekuwa juu yangu ningelipia kila jani. Nikilipia miti iliyotokana na udanganyifu hapa, kesho kila mwenyekiti kuanzia hapa hadi Nyamiaga atakula fedha za miche kisha aombe mvua."

Hapo Alfonce alicheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyekwisha kupoteza na sasa anatafuta wa kupoteza naye. "Haya," alisema. "Nimedanganya. Zilikuwa fito. Basi kama hakuna mradi, hakuna vipande. Kama hakuna vipande, huyu hana chake hapa. Kilima ni cha malisho. Bomoeni hicho kibanda sasa hivi."

Vijana wawili walisogea. Koleta alisimama mlangoni pa kibanda na jembe mkononi.

"Ngojeni," alisema mzee mmoja, Emilian, aliyekuwa mkubwa kuliko wote katika baraza la wazee. Hakusema kwa huruma. Alikuwa na hasira ya mashine kama wengine. "Tumesikia sasa kwamba ni fito. Fito za mvumu. Nani alizichomeka?"

"Mimi," Koleta alisema.

"Nani aliona?"

Hakuna aliyejibu, kwa kuwa jibu lilikuwa wote.

"Fito ni zangu," Mzee Ndikuriyo alisema, akigonga fimbo. "Zilikatwa bomani kwangu. Kama kuna mwenye kipande, ni mimi."

Emilian alimgeukia polepole. "Ndikuriyo, boma lako wewe uliukata mvumu wake kwa nani?"

Mzee Ndikuriyo akageuza uso.

"Nilikuwepo. Uliukata kwa baba yangu. Je, nije kesho nichukue migomba yako?"

"Huyu ni mwanamke."

"Naona. Sisi ndio tuliomleta hapa mwanamke akachomeka mvumu mbele yetu, tukamshuhudia, tukapiga na makofi. Ungesema siku ile. Ulikuwa unangoja mashine, kama mimi." Emilian akautazama umati. "Nani hapa ana mpaka usio wa mvumu? Ainue mkono. Leo tukisema aliyechomeka si mwenyewe, jioni kila mtu atakuwa kwa jirani yake na panga."

Mikono haikuinuka. Koleta aliwaona wakihesabu mioyoni, kila mmoja mipaka yake na majirani zake wabaya, na aliona namna hesabu ile ilivyokuwa ikiwachukiza. Mzee Ndikuriyo ndiye aliyekawia kuliko wote. Taya lake lilikuwa likitafuna kitu kisichokuwepo.

"Alizichomeka yeye," alisema mwishowe, akageuka akashuka kilima bila kumngoja mtu.

"Mivumu ilipoishia," Emilian alimwambia Koleta, "ndipo kipande chako kilipoishia. Usizidishe hata hatua. Na kwangu usije."

Watu wakashuka. Irine alibaki kidogo kama anayetafuta neno la kumfariji, lakini Koleta alikuwa amekwisha kuinama kulima. Pikipiki ikasikika ikiteremka kuelekea barabara kuu.

Alfonce aliitwa wilayani Ngara, akaambiwa akae pembeni hadi fedha zipatikane. Bati lake liliendelea kung'aa. Mashine haikuja, na wanawake wa Bukiriro waliendelea kutwanga. Kila mchi ulipopigwa, kuna mtu alilitaja jina la Koleta, na mara nyingi walihakikisha anasikia. Mwishoni mwa mwaka ule watu wa kambi walirudishwa kwao, barabara ikajaa mizigo na vumbi, kisha moshi wa Benaco ukakoma. Lawama zote zilizokuwa zikipelekwa kule zikakosa pa kwenda, zikapanda Murugina.

Hakuna aliyemsaidia kujenga nyumba ya kweli. Alifyatua matofali ya udongo peke yake, akabeba maji peke yake. Hakuna aliyemwamkia wala kumjulia hali alipougua homa. Lakini mbuzi hawakuingia tena katika kipande kile. Wenye mbuzi waliwageuza wenyewe, wakiwatukana wanyama kwa sauti ambayo ilikuwa ya kumtukana yeye.

Mvua zilipokaribia tena, alikuwa akichomeka mvumu upande ulio wazi wa mpaka wake, ule unaoteremka bondeni, alipomwona Auleria akishuka na ndoo tupu. Shamba la Auleria lilikuwa juu zaidi, na siku zote alikuwa akikatiza hapo kwenda mtoni. Alisimama umbali wa kutupa jiwe.

"Unaziba," Auleria alisema.

"Naziba."

"Na njia?"

Auleria alihamisha ndoo kutoka mkono huu hadi mkono ule. Macho yake yalikuwa makavu na mabaya kama siku ile nje ya kanisa. Hata hivyo hakuingia. Alisimama nje ya mstari wa fito, mahali ambapo mwaka mmoja nyuma angepita bila kugeuza shingo.

"Nauliza njia ya mtoni utatuachia wapi," Auleria alisema, na kila neno lilitoka kama jino linalong'olewa. "Kwako hapa."

Koleta alitazama mteremko. Akapiga hatua kadhaa, akakwaruza ardhi kwa jembe mstari mmoja, kisha mwingine sambamba nao.

"Hapa," alisema. "Upana wa mtu na ndoo."

"Ni nyembamba."

"Ndiyo njia niliyonayo."

Auleria alipita kati ya ile mistari miwili, amebana ndoo ubavuni asivuke. Hakusema asante. Koleta alichukua ufito uliofuata, akaanza kuchimba.